Benchi la Kisukari

Mtu wa kwanza kumuuliza Mwalimu Eliudi swali lililomshinda alikuwa daktari kijana, wa umri wa wajukuu zake, katika chumba kidogo cha hospitali mjini Moshi. Swali lenyewe lilikuwa jepesi: atoe saba katika mia, kisha aendelee kutoa saba katika kila jibu atakalopata.

"Tisini na tatu," alisema Mwalimu haraka, kwa ile sauti ambayo Marangu nzima iliijua. "Themanini na..."

Akatazama dari, akatazama viatu vyake, kisha akamgeukia binti yake Winfrida aliyeketi kando, kama mtoto anayetafuta jibu kwa jirani wakati wa mtihani. Winfrida hakumpa. Daktari alikuwa amekwisha kumkataza.

Mwalimu Eliudi alifundisha darasa la kwanza katika shule moja ya msingi huku kwetu Marangu tangu ujana wake hadi alipostaafu. Hesabu alizifanya kichwani. Siku za kupima kahawa wakulima walimwita asimame karibu na mizani, maana alijumlisha kilo za mtu kabla karani hajafungua kalamu. Baada ya kustaafu akawa mzee wa kanisa, na kila Jumapili ndiye aliyesoma matangazo. Matangazo hayo ndiyo yaliyomfikisha hospitali. Jumapili moja alisoma tangazo moja la ndoa mara tatu mfululizo, akishangaa kwa nini usharika unacheka.

"Leo Meku kaamua bwana harusi aoe mara tatu," alinong'ona kijana mmoja wa kwaya, akitumia neno letu la kumwita mzee.

Tabitha, mke wa Mwalimu, hakucheka. Siku iliyofuata alimpigia simu Winfrida aje amchukue baba yake.

Mwalimu huyu hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema, kwa sababu maovu ya watu wabaya tunayajua na tunayakemea. Yanayotendwa na watu wema, waliovaa tai na kushika chaki, hayo huwa tunayapigia makofi.

Aliamini kwamba akili ya mtu haibadiliki. Aliwaeleza wazazi kwa mfano wa shambani ili waelewe vizuri, nao walielewa vizuri mno. Akili ya mtoto, alisema, ni kama aina ya mgomba. Ukishapanda chipukizi la kisukari, hata ulitilie samadi ya ng'ombe wote wa Marangu, hutavuna mchare. Kila mtu wa mlimani anajua tofauti ya ndizi hizo mbili. Mchare ndiyo ndizi ya kupika, ndiyo mtori, ndiyo heshima ya mgeni. Kisukari ni kindizi kitamu cha kumnyamazishia mtoto.

Kwa hiyo darasani mwake kulikuwa na benchi la mchare, mbele, karibu na ubao, na benchi la kisukari nyuma kabisa, karibu na mlango, ambako upepo wa mlimani uliingia bila hodi. Wiki chache baada ya shule kufunguliwa alikuwa amekwisha kumpanga kila mtoto, na aliyepangwa hakupanguliwa. Wa mbele waliulizwa maswali. Wa nyuma walitumwa maji.

Winfrida, mwanawe wa kwanza, alilelewa na bibi yake juu kabisa, karibu na msitu, katika nyumba ambayo Kiswahili kilisikika tu redio ilipopata betri. Alipoteremshwa kuanza shule, baba yake ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Siku ya kwanza aliulizwa jina la mnyama anayetupa maziwa. Binti aliyeamka kila siku kwa harufu ya ng'ombe alisimama akajibu kwa Kichagga, na jibu lake lilikuwa sahihi. Darasa zima likacheka.

Mwalimu alijua kwamba jibu ni sahihi. Kichagga ni lugha yake pia. Ndicho alichotumia kumbembeleza mtoto huyohuyo kabla hajapelekwa kwa bibi yake. Lakini yeye mwenyewe alikifahamu Kiswahili katika muhula mmoja tu, akahitimisha kwamba mwenye akili hahitaji zaidi ya hapo. Alipima lugha, akadhani amepima akili. Kosa hilo linafanyika bado, leo hii, katika shule nyingi za mlima huu, na wanaolifanya wamesoma kuliko yeye.

Siku ya kufunga shule wazazi walikusanyika uwanjani, naye akasoma majina. La binti yake aliliacha la mwisho.

"Msije mkasema Mwalimu anapendelea wa kwake," alitangaza. "Winfrida Eliudi, benchi la kisukari."

Wazazi walimpigia makofi kwa uadilifu wake.

Tangu siku hiyo jina likamganda. Watoto waliliimba njiani, shangazi wakalichukua kwa mzaha, na hatimaye hata waliompenda walimwita Kisukari bila kukumbuka lilikotoka. Alipomaliza darasa la saba hakuna aliyemtafutia nafasi ya kuendelea. Wadogo zake wa kiume walisoma. Yeye alikata majani ya ng'ombe. Hakulalamika. Alikuwa ameambiwa yeye ni nani na mtu aliyejua kila kitu, tena akiwa baba yake.

Alipokuwa msichana mkubwa alipata kazi ya kufagia katika duka la ushonaji la mama mmoja mjini, Sulochana, ambaye familia yake imeshona sare za shule za Moshi kwa vizazi. Baada ya kufagia alikaa kutazama mafundi wakikata vitambaa. Siku moja fundi hakufika, na Winfrida akaikata kola ya shati la mteja aliyekuwa akisubiri. Sulochana aliigeuzageuza kwenye mwanga.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna, mama. Nimeangalia tu. Mimi sina akili ya kufundishwa."

"Nani kasema huna akili?"

"Baba yangu."

"Baba yako ni fundi?"

"Ni mwalimu."

"Basi mwambie aje akate suti, tumwone," alisema Sulochana, akamkabidhi mkasi.

Kwenye meza ile, robo na nusu na robo tatu, ambazo ubaoni zilikuwa michoro ya kumtisha, zikawa mikono na viuno vya watu. Akaanza kuuliza maswali, jambo ambalo benchini halikuruhusiwa. Akajiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima, akafanya mtihani wa kidato cha nne wakati mwanawe mkubwa yuko kidato cha pili. Leo anafundisha ushonaji Kiboriloni, karibu na soko, na wanafunzi wake wanamwita Mwalimu Kisukari.

Je, akili yake ilibadilika, au ilikuwapo siku zote ikisubiri mtu wa kuifungulia? Nimewauliza wengi, na kila mmoja ana jibu lake. Ninalolijua ni kwamba mtoto aliyeshindwa kumtaja ng'ombe kwa Kiswahili na mwanamke anayetoa suti ya harusi katika kipande cha kitambaa kisichotosha ni mtu mmoja. Mfano wa mgomba hauna nafasi ya mtu wa namna hiyo.

Turudi kwa daktari. Aliacha hesabu, akaanza kuuliza maswali ya kawaida kuhusu magonjwa, macho yake yakiwa kwenye kompyuta.

"Mzee, kuna kisukari katika familia?"

"Yupo," alijibu Mwalimu.

Daktari aliinua macho. "Yupo?"

"Huyu hapa." Akamwonyesha Winfrida kwa kidole.

"Mama, una kisukari?"

"Sina," alisema Winfrida. "Kisukari ni jina langu."

"Nilimpa mimi," alisema Mwalimu. "Mbele ya watu." Kisha mzee yule, ambaye hata kwenye mazishi ya mama yake hakudondosha chozi, akajifunika uso kwa kofia yake, akalia.

Daktari alisubiri. Alikuwa mtu mpole. Alieleza kwamba akili ya mtu haikai mahali pamoja maisha yote. Ipo inayopungua kadiri mtu anavyozeeka, ipo inayobaki, na ipo inayozidi kukua hata uzeeni. Lakini ya Mwalimu ilikuwa imeingiliwa na ugonjwa, na ugonjwa huo ungeendelea. Mambo ya jana yangetangulia kuondoka, ya zamani yangefuata polepole. Kisha akamgeukia Winfrida, akaanza kusema naye juu ya kichwa cha baba yake.

"Asiachwe peke yake. Akirudiarudia jambo, msibishane naye. Ni mgumu kuelewa sasa."

"Niko hapa, daktari," alisema Mwalimu.

Wanafunzi wangapi waliwahi kutamani kumwambia Mwalimu maneno hayohayo, wakiwa wamesimama kati yake na wazazi wao! Nadhani aliyawaza hayo njia nzima ya kurudi Marangu.

Siku iliyofuata, Winfrida akiwa jikoni na mama yake, Mwalimu aliingia ameshika jani la sale lililofungwa fundo. Mimea ya sale ndiyo inayozunguka kila kihamba, yaani shamba la nyumbani kwetu, ndiyo mpaka kati ya nyumba na nyumba. Lakini jani lake likifungwa na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, ni ombi la msamaha, na kwa desturi yetu halikataliwi.

Winfrida hakunyoosha mkono.

"Baba, hili ni la nini?"

"La benchi."

"Ulilisema wapi jambo lile?"

"Shuleni."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya wazazi."

"Basi jani hili limepotea njia."

"Winfrida!" Tabitha aliacha kumenya ndizi. "Sale halirudishwi! Unataka watu waseme nini?"

"Sijalirudisha, Mama. Nimelielekeza."

"Baba yako anasahau. Atakwenda kule asimame kama mti."

"Ndiyo sababu aende upesi. Nikilipokea hapa jikoni, kesho atakuwa amesahau kwamba alikosa, na wale watoto watabaki benchini."

Maana benchi lilikuwapo bado. Mwalimu mkuu wa sasa, Valerian, alifundishwa na Eliudi, akakalia benchi la mbele, na alipokabidhiwa shule aliuendeleza utaratibu ule kwa majina yaleyale. Sisi wajumbe wa kamati ya shule tulimwambia waziwazi kwamba ni ukatili. Alitujibu kwamba ni utaratibu wa Mwalimu Eliudi, na kwamba Mwalimu akiukana mwenyewe, yeye ataufuta siku hiyohiyo. Hivyo Winfrida hakuwa akidai heshima yake peke yake. Kinywa kimoja tu ndicho kilichoweza kulivunja lile benchi, na kinywa hicho kilikuwa kikipoteza maneno kila siku.

Kufunga shule kulikuwa karibu. Tukamwandikisha Mwalimu azungumze na wazazi.

Siku za kungoja zilikuwa mbaya kuliko tulivyotazamia. Kila asubuhi Mwalimu alivaa koti, akamuuliza mkewe, "Leo nakwenda kusema nini?"

"Habari ya benchi, Mwalimu."

"Benchi gani?"

Tabitha alimweleza. Na kila alipoelezwa, aliumia kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Alikaa chini, akashika kichwa, akauliza, "Mimi? Nilimfanyia Winfrida hivyo?" Jioni jambo hilo lilikuwa limekwisha kumtoka. Asubuhi likaanza upya.

"Mnamhukumu mtu mmoja kila siku," Tabitha alimwambia binti yake kwa simu. "Hata mwizi huhukumiwa mara moja."

Winfrida alinijia nyumbani kabla ya mkutano, uso umemshuka. Nilidhani anaogopa baba yake atashindwa. Haikuwa hivyo tu.

"Ninamsimamisha mzee mgonjwa mbele ya watu," alisema, "ajibu swali ambalo sijui kama analiweza. Alinifanyia hivyohivyo. Nimekuwa yeye."

 Nilimwambia tu kwamba akitaka tuahirishe, tutaahirisha. Alitikisa kichwa, akaondoka.

Siku ya mkutano uwanja ulijaa. Mwalimu Valerian alimkaribisha mgeni kwa sifa nyingi, akamwita nguzo ya elimu. Mwalimu Eliudi alisimama. Alisalimia wazazi vizuri, akauliza habari za mvua na kahawa, kwa adabu zote za zamani. Kisha akafikia mwisho wa salamu, na baada ya salamu hapakuwa na kitu.

Tulisubiri. Mtoto akakohoa. Winfrida, aliyekaa mstari wa pili, aliinuka nusu, akaketi tena. 

"Keti tu, Meku," Valerian alinong'ona. "Umetusalimia inatosha."

Mwalimu hakuketi. Alitia mkono mfukoni, kama mtu anayetafuta leso, akatoa lile jani lenye fundo. Akaliangalia.

"Hili ni sale," alisema polepole. "Limefungwa. Kwa hiyo nimekosa." Aliinua macho. "Wazazi, nimekuja kuomba msamaha. Nani kati yenu anakumbuka nilikosa nini?"

Mtu mmoja alicheka, akajikatiza.

Nyuma kabisa alisimama Melkior, mpagazi, mtu wa kubeba mizigo ya wageni mlimani, ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza katika mkutano wowote.

"Mimi nakumbuka, Mwalimu. Uliniweka benchi la kisukari."

"Mimi nilikuweka?"

"Wewe, Mwalimu."

"Nilikosea," alisema Mwalimu.

Akasimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Na mimi. Sikuulizwa swali hata moja mwaka mzima. Nilichota maji."

"Nilikosea."

Wakasimama wengine, hapa na pale, watu wazima wenye mvi, kila mmoja akisema lake. Kwa kila mmoja alijibu neno lilelile, na kila mara lilimgharimu kama la kwanza. Mwishowe alisimama Winfrida.

"Na mimi, Mwalimu."

"Jina lako?"

Sijui kama alikuwa amemsahau, au kama ilikuwa ile desturi yake ya darasani ya kumtaka kila mtoto ajitaje.

"Winfrida Eliudi."

"Winfrida Eliudi," alirudia, kwa ile sauti ya kusomea majina. "Jibu lako lilikuwa sahihi. Wewe hukuwa wa benchi lile. Hakuna mtu aliyekuwa wa benchi lile." Akamgeukia Valerian. "Mwalimu, liondoe."

Kisha akatembea kati ya viti, akampa binti yake jani, naye akalipokea kwa mikono miwili. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Valerian alitimiza ahadi yake. Alasiri ileile benchi la nyuma lilitolewa nje, na tangu hapo watoto wanaketi wamechanganyika. Majina bado yanasikika uwanjani wakati wa mapumziko, na kamati yetu haitanyamaza hadi yakome.

Niliwasindikiza baba na binti kurudi nyumbani kwa njia ya mfereji. Tulipokaribia kihamba chake, Mwalimu aligeuka.

"Tumetoka wapi?" aliuliza.

"Shuleni, Baba."

"Nilikuwa na jani."

"Ninalo mimi."

"Umelipokea?"

"Nimelipokea."

Alipiga hatua kadhaa. "Nilikukosea nini, mwanangu?"

Winfrida alisimama. Nilimwona akilitafuta neno, na nilijua anachokipima: amwambie, aumie tena, au amnyime kitu ambacho ni haki yake kukijua.

"Umekwisha kusema, Baba. Mbele ya watu wote."

"Nilisema vizuri?"

"Ulijitahidi."

Alipokea alama yake kwa kichwa kilichoinama, kama mwanafunzi anayejua kwamba hakustahili zaidi ya hapo.

Asubuhi iliyofuata Tabitha alimkuta kwenye ua wa masale, umande umelowesha koti lake, anafunga fundo kwenye jani jipya.

"Mwalimu, hilo ni la nani tena?"

"Sijui," alisema. "Lakini yupo."